Mtoto wa farasi ananiburura kila nikimtoa zizini, nisaidieni

MlishaFarasi_Kusini

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kumfunza farasi mdogo, au hata punda, maana huku kwetu wanaojua farasi ni wa kuhesabu na kila mmoja ananambia lake.

Miye ni mtunza farasi mwambao wa kusini mashariki wa Unguja, upande wa Paje na Jambiani. Nimekulia kwenye ng'ombe wa baba, farasi huu ni mwaka wangu wa tatu. Tuna wakubwa wanne ambao wageni huwapanda ufukweni asubuhi na jioni, na mmoja mdogo, dume, ana mwaka mmoja na miezi minane. Huyu kazaliwa hapa hapa, mwezi wa Juni, usiku wa kusi kali iliyong'oa makuti ya banda, na miye ndiye niliyekuwepo mama yake alipokuwa akimlamba. Tukamwita Kusi.

Ndani ya zizi ni mtoto mwema. Anakuja mwenyewe, ananinusa mfukoni. Lakini nikishamtia kamba na kuvuka lango anageuka mwengine. Kwanza ananisukuma kwa bega. Kisha anatanguliza kichwa, anaikaza shingo, anakwenda anakotaka yeye. Miye nna kilo 62, yeye sasa hivi nakisia anafika 300. Nikivuta, anavuta zaidi. Nikisimama mbele yake nimzuie, ananyanyua miguu ya mbele. Na siku hizi ameanza kuuma, mkono na bega, si kwa hasira, lakini nguo imechanika na nyama imevilia damu.

Ijumaa iliyopita ndiyo iliyonileta hapa. Ilikuwa bamvua, saa nne asubuhi maji yamekupwa yako mbali kule mwambani, nikamteremsha ufukweni. Sasa ni kaskazi, na kaskazi huku watu wa tiara wamejaa, wale wanaovutwa na tiara juu ya maji. Moja ikaanguka nyuma yetu. Kile kitambaa kikianguka na upepo ungalimo ndani yake kinapiga, pa, pa, pa, kama mtu anakung'uta busati. Kusi katimka. Kamba nilikuwa nimeizungusha kiganjani mara mbili. Kaniburura hatua ishirini juu ya mchanga na vijiwe, mpaka kamba ikachomoka na ngozi yangu. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye vigingi vya mwani, akakatisha kamba za mama mmoja aliyekuwa kazini tangu maji yalipoanza kutoka. Yule mama hakunambia neno. Aliinama tu akawa anaokota mwani wake uliokatika, mmoja mmoja, anautia kwenye polo. Nilitamani anitukane. Nimekwenda siku mbili kumsaidia kufunga upya na kusimamisha vigingi, lakini mwani ule ulibakiza siku chache uvunwe.

Mwenzangu kazini anasema dawa ni mnyororo juu ya pua na henzirani. Tumejaribu wiki nzima. Matokeo yake, sasa hata nikiinua mkono kuchukua kofia yangu msumarini, Kusi anarusha kichwa juu na kurudi nyuma hadi ukutani. Hilo linaniuma kuliko kiganja. Tajiri kesha sema: akifika miaka miwili hajatulia, atauzwa. Imebaki miezi minne, na nnajua farasi mkorofi anayeuzwa huishia mikono gani.

Sitaki mambo makubwa. Nataka atembee begani kwangu, kamba imelegea. Nianzie wapi?

Ngarawa77

Punda haendi bila kigongo, na farasi ni punda mkubwa. Unamdekeza. Ng'ombe wa gari tunamtia shemere puani, wiki moja tu anafuata kama kivuli. Ungekaza wiki ya pili ungeona.

Mzee_wa_Konde

Mwanangu, pole na mkono.

Miye farasi sijapata kumshika. Nna punda, tangu nikiwa na miaka minane, siku baba aliponipa kamba ya usumba mkononi akanambia "huyu wako". Huku kaskazini Pemba, kwetu nyumbani, msimu wa karafuu magunia yalitoka bondeni hadi barabarani mgongoni mwa punda. Sasa gari na pikipiki zinafika kila pahala, lakini nnao wawili bado.

Ndugu Ngarawa, huo msemo wa kigongo nimeusikia umri wangu wote, na nakwambia unahusu punda mkubwa aliyekwisha ijua kazi akafanya ajizi. Mtoto hajui unachomtaka. Ukimpiga hajui anapigwa kwa lipi, anachojua ni kwamba mtu akisogea, panauma. Kijana kesha tueleza, farasi anaikimbia kofia. Wiki ya pili ya nini tena?

Nikusimulie moja. Nlikuwa na jike, Nyota, havuki kijidaraja cha magogo cha njia ya Ngezi. Watu wawili walisukuma nyuma, mmoja kavuta mbele, wapi. Baba alikuwa mzee wakati huo, akatuondosha wote. Akaishika kamba vile unavyoushika mshipi samaki anapoonja chambo: imenyooka, haivuti. Akangoja. Nyota akaegemea mbele, hata mguu hajauinua, uzito tu umehama, na papo hapo baba akailegeza kamba. Si baada ya kumsifu, si baada ya kugeuka kututazama. Papo hapo. Akaishika tena. Nyota akainua kwato moja akaiweka juu ya gogo, kamba ikalegea. Tuliingia darajani baada ya adhuhuri, tukatoka upande wa pili jua la alasiri. Sote tuliona mchana umepotea bure. Siku ya tatu alivuka kama anakwenda kunywa maji, na hakukataa tena mpaka anakufa.

Kwa hiyo wewe mwanangu unamvuta, naye anavuta, kwa sababu kuvuta kwako hakuna mwisho. Haoni faida ya kukufuata. Muonyeshe kwamba akisogea kwako hata unywele, kamba inamwachia.

BintiMtoni_Oman

Shikamoo mzee wetu. Nimesoma habari ya Nyota mara mbili. Kwenye kulegeza umesema kweli tupu, hata hapa nilipo wakufunzi hawana jambo jengine kubwa kuliko hilo.

Miye mzaliwa wa Unguja, niko Oman mwaka wa tisa, kazi yangu zizini kwa farasi, na wengi ninaopewa ni hawa wadogo. Kwenye kungoja nna la kuongeza, kwa sababu punda na farasi hawaogopi namna moja. Punda akiingiwa na hofu hukita miguu. Farasi hukimbia, ndivyo alivyoumbwa. Ukimzuia farasi mwenye hofu miguu isiende kokote, hofu ile inakwenda juu, ndipo unapomwona kasimama kwa miguu ya nyuma. Kwa hiyo kaka, Kusi mwachie atembee, lakini wewe uwe unachagua wapi.

Kwanza vua mnyororo leo hii. Tafuta hatamu isiyo na lijamu, kile chuma cha mdomoni, imkae vizuri nyuma ya masikio, na kamba nene ya pamba ya mita tatu. Kamba usiizungushe mkononi tena. Ikunje mikunjo, mkunjo juu ya mkunjo, uushike katikati, akitimka itafunguka yenyewe na kiganja kitabaki.

Usisimame mbele yake. Farasi anaona karibu pande zote, lakini hapaoni palipo mbele kabisa ya paji la uso wake, wala chini ya pua, wala nyuma ya mkia. Ukisimama hapo unapotea, kisha mkono wako unatokea ghafla. Kaa baina ya kichwa na bega, mbali naye kiasi cha mkono ulionyooka. Huo ndio mpaka. Akiingia ndani ya mpaka huo kwa bega lake, usiondoke wewe, aondoke yeye: ncha za vidole kifuani, bonyeza kidogo, akirudi hatua moja toa vidole. Kama hakurudi ongeza kidogo kidogo, usianze na nguvu. Siku ya kwanza utabonyeza sana. Siku ya tano ataona kidole tu.

Anzieni ndani ya zizi, asubuhi, akiwa keshakula, dakika kumi na si zaidi. Hatua mbili, simama. Hatua tatu, simama. Akikupita usimvute nyuma, geuka wewe uende ulikotoka. Kamba itamgeuza, naye atajikuta nyuma yako tena. Ukigeuka mara thelathini asubuhi moja usione taabu, anajifunza kukutazama.

Na siku ya hofu ya kweli, kama ile ya tiara: kichwa chake kilete upande wako, wewe elekea kiunoni kwake, miguu ya nyuma ipishane. Farasi ambaye miguu ya nyuma inapishana hawezi kutimka moja kwa moja. Mzungushe hivyo mpaka ashushe kichwa, kisha msimame. Lifanyieni mazoezi zizini akiwa katulia. Siku ya balaa si siku ya kufundishana.

Kuuma: hizo ni tabia za madume wadogo, wanacheza kwa mdomo. Ukimpiga mdomoni unamfanya ajifunze kuuma haraka na kukimbiza kichwa. Mrudishe nyuma hatua mbili kila akileta mdomo, kimya kimya. Na hiyo ya kunusa mfukoni umemzoesha mwenyewe. Karoti zitie kwenye ndoo. Ukitaka kumfurahisha mkune pale singa za shingo zinapoishia mgongoni, ndipo wanapokunana wao kwa wao. Utamwona mdomo wa juu unarefuka.

Vitu vinavyopepea usimsogeze navyo. Wape watu wavibebe wakienda mbele, yeye avifuate. Kitu kinachomkimbia farasi hakimtishi, kinamtia hamu. Mdogo wako avute polo lenye makuti makavu kwa kamba ndefu, nyie nyuma.

Na mchukue mmoja wa wale wakubwa, mtulivu kuliko wote, atangulie njiani siku za mwanzo. Huyo ni mwalimu kuliko miye na wewe.

DaktariMifugo_Chake

Maneno yote mazuri, nitie mawili ya tiba.

Kabla hujaanza, mpapase nyuma ya masikio, paji la uso na juu ya pua pale mnyororo ulipokaa. Kama akivuta kichwa kwa maumivu, mpe siku kadhaa pasitiwe kitu. Mnyama mwenye kidonda kichwani ukimvalisha hatamu unamfundisha maumivu tu.

La pili, huyo dume kama haandaliwi kuzalisha, zungumzeni na daktari wenu ahasiwe. Wengi huhasiwa baina ya miezi sita na miaka miwili, mpo ndani ya muda. Lakini msimhasi bila chanjo ya pepopunda. Farasi ni katika wanyama wanaoshikwa upesi sana na pepopunda, na kinyesi chake hubeba vijidudu vyenyewe. Kwa hiyo na wewe kijana, kiganja kilichochubuka ukaenda nacho kuzoa mavi zizini: nenda kituo cha afya kesho. Usingoje kiume.

MwaniNdioKazi

Mwanangu, miye si yule mama, lakini ningeweza kuwa miye. Nalima mwani tangu 1990, mwaka mmoja tu tangu kilimo hiki kilipoanza huku kwetu. Polo la mwani mbichi uliokwisha komaa ni wiki sita za kuamka na maji. Hukutukanwa kwa sababu mtu akiona kazi yake iko mchangani hana nguvu ya kutukana. Umefanya vyema kwenda kusaidia. Wengi hawendi.

Sasa nisikilize. Huyo mnyama wako aliviona vigingi vyetu mara ya kwanza akiwa anakimbia. Mlete aje avione akiwa hana haraka. Njoo nae maji yakianza kutoka, usimteremshe, msimamishe juu chini ya mivinje, atutazame tunavyoteremka. Tunaimba, tunaitana, kanga zinapepea, vikamba vinacheza. Atachoka kututazama. Bamvua ya pili msogeze kidogo. Usije wakati tunapandisha, tumebeba viroba vinachuruzika maji na miguu imechoka, hatuwezi kumpisha mtu.

Na upige hodi. Ufukweni nako kuna hodi.

MlishaFarasi_Kusini

Shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Nimechelewa kurudi, zimepita wiki tano, kwa sababu nilitaka nije na lililotokea, si na shukurani tupu.

Sindano ya pepopunda nilichoma siku ya pili yake, daktari Mungu akulipe. Na Kusi kweli alikuwa na uvimbe juu ya pua, mdogo, chini ya manyoya, sikuwa nimeuona. Siku nane sikumtia kitu kichwani. Nilikuwa nakaa tu nae zizini, namkuna pale ulipopasema dada. Mdomo unarefuka kweli, na unatetemeka nchani.

Kisha tukaanza, baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijashika. Siku tatu za mwanzo niligeuka na kugeuka, jasho limenitoka, nikaona sivyo. Siku ya nne ndipo nilipomuelewa mzee wa Konde. Niliinyoosha kamba, haivuti, kama mshipi. Sikio la kushoto la Kusi likanigeukia. Kichwa kimesimama, macho yako mbele langoni, lakini sikio lile peke yake limekuja kwangu. Nikalegeza kwa sikio tu. Akashusha pumzi ndefu, akatafuna kitu kisichokuwepo, kisha akachukua hatua moja upande wangu. Nimekaa na farasi huyu tangu usiku aliozaliwa na ile ndiyo mara ya kwanza kunifuata bila ya kunusa mfuko.

Wiki ya pili tulitoka na Tausi, jike letu kongwe, katangulia na mwenzangu, yule yule wa henzirani. Sikumwambia kitu kuhusu henzirani. Siku ya tatu akaja bila nayo. Ya polo ilikwenda hivi: mdogo wangu kavuta polo la makuti njia ya nyuma ya shamba la minazi, linakwaruza na kupiga kelele, Kusi kasimama, pua zimepanuka. Mdogo wangu akaendelea kwenda. Tukafuata kwa mbali. Tulipofika kwenye kisima Kusi alikuwa ananivuta, lakini anavuta kulifikia polo, na lilipotulia akalitia pua, akaling'ata pembe. Tangu siku ile nalitundika karibu na ndoo yake.

Mama wa mwani, nilikuja nikapiga hodi, nadhani tulionana. Bamvua ya kwanza tulisimama chini ya mivinje nusu saa, katetemeka kama ana homa, nikamrudisha. Ya pili tulishuka hadi kwenye mchanga mbichi. Yule mama ambaye Kusi alimharibia alinyanyuka, akamtazama, akamwita "wewe mwizi wa mwani", akaendelea na kazi yake. Nilifurahi, sijui niseme vipi.

Yaliyobaki ni haya. Tiara bado. Akiiona angani umbali wa viwanja viwili vya mpira anasimama, kichwa juu. Lakini anasimama, kamba imelegea, na nikigeuka anageuka. Sijamkaribisha zaidi, nangoja kaskazi ipungue. Kuuma kumepungua, hakujesha, na tajiri kakubali ahasiwe mwezi ujao baada ya chanjo. La kuuzwa hajalitaja tena. Juzi alisimama ukutani akatutazama tukipita langoni mara mbili, akaondoka.

Swali langu dada wa Mtoni: nikiwa kushoto kwake anakwenda vizuri. Nikihamia kulia ni kama hatujapata kufanya lolote, bega lile lile, shingo ile ile. Niendelee nae njiani hivyo hivyo, au nimrejeshe zizini?

BintiMtoni_Oman

Mrejeshe zizini, kaka, uanze upya upande huo kama hujapata kumshika. Farasi aliyefunzwa upande mmoja mara nyingi huwa kama mgeni upande wa pili, wengi wako hivyo. Haitachukua wiki tano, siku nne au tano zitatosha. Na tangu sasa kila utakachomfunza, kifanye pande zote mbili siku ile ile, pamoja na kumvalisha hatamu.

Na ukija na habari za tiara, uniite. Nataka kuisoma hiyo.